Kiwanja kiliwahi kuwa cha serikali kuu ya Marekani, eti mpaka Bunge la Washington litunge sheria ndo tuuziwe?

MamaTausi:
Habari za saa hizi wadau. Najua humu kuna watu wako Marekani miaka mingi na wengine mambo ya ardhi wanayajua kuliko hata mawakili, naomba mnifungue macho maana toka juzi nimechanganyikiwa.

Iko hivi. Mi ni mweka hazina wa kikundi chetu cha akina mama, tumesajiliwa kama shirika lisilo la faida, tuna kituo cha watoto wanakuja wakitoka shule, wanafanya homuweki, wanacheza mpira, wazazi wakitoka kazini wanapita kuwachukua. Jengo ni mali ya mji, sisi tunalipa kodi kidogo kila mwezi, na eneo lote ni kama eka nne hivi pamoja na uwanja wa mpira nyuma. Sasa jengo limezeeka, paa linavuja na boila imekufa mara mbili msimu huu wa baridi. Tukasema tukope tulikarabati, benki ikasema hamuwezi kuweka rehani nyumba ambayo si yenu. Tukaenda kwenye baraza la mji, na kwa kweli wale watu hawana roho mbaya, wakasema basi tutawauzia kwa bei ya kirafiki. Tukafurahi weee, wengine wakaanza kuchagua rangi ya ukuta.

Kumbe bado. Kampuni inayokagua hati imeleta jibu kwamba eneo hilo lilikuwa kipande cha kambi ya jeshi, serikali ya shirikisho ikaupa mji bure miaka ya 70, na kwenye hati kuna maneno kwamba litumike kwa manufaa ya umma milele na likitumika vingine au likiuzwa linaweza kurudi kwa Marekani. Yani MAREKANI, limeandikwa hivo hivo jina la nchi nzima kana kwamba ni jirani yetu wa upande wa pili. Kampuni inasema masharti hayo yakiwepo haitoi bima ya hati (yani bima ya kumlinda mkopeshaji hati ikija kuwa na kasoro), na benki bila bima haitaki hata kuniona.

Afu mjumbe mmoja wa baraza akasema tusiwe na wasiwasi, atamwandikia mbunge wetu wa Washington apeleke muswada wa kufuta hayo masharti. Mi nikacheka nikajua anatania. Hivi kweli Bunge linalojadili vita na bajeti ya matrilioni linaweza kukaa likapitisha sheria ya eka nne na paa bovu? Na kama ni kweli inachukua muda gani, na nani analipa? Msaada wenu jamani.

kijana_wa_gati:
Hahaha mpewa hapokonyeki, ila huku mpewa anapokonywa na hati juu. Nimekaa hapa nasubiri wenye kujua, huu uzi mtamu.

FundiHati:
MamaTausi, mjumbe wako hatanii hata kidogo. Ngoja nieleze kidogo maana nimefanya kazi kwenye ofisi ya masijala ya ardhi ya kaunti moja miaka tisa, hizi hati nimezishika sana.

Katiba yao, Ibara ya 4 kifungu cha 3, inasema wenye mamlaka ya kugawa na kupanga taratibu za mali ya Marekani ni Bunge. Siyo rais wala waziri. Kwa hiyo kila kipande cha ardhi kinachotoka mikononi mwa serikali kuu kinatoka kwa sababu kuna sheria ya Bunge nyuma yake, hata kama karatasi imesainiwa na ofisa wa kawaida. Ziko sheria za jumla, mfano ile ya 1926 ya viwanja vya burudani na shughuli za umma ambayo miji na mashirika yanapewa ardhi kwa bei ya chini sana, iko ya 1944 ya mali zilizobaki baada ya vita ambayo ndiyo ilitoa viwanja vya ndege vingi vya kijeshi kwa miji, na iko ya 1949 ambayo mpaka leo ndiyo inatoa kambi zilizofungwa kwa ajili ya bustani na viwanja vya michezo. Afu kuna sheria maalum, yani Bunge linakaa na kusema kiwanja hiki hasa, kaunti hii hasa, kwa kazi hii hasa.

Zote zinafanana kitu kimoja. Ukipewa kwa bure au kwa bei ya kutupa unapewa na sharti, na mara nyingi sharti halifi kwa uzee. Ni kama umepewa mbuzi lakini ncha ya kamba kabaki nayo mwenyewe, mbuzi ni wako, maziwa kunywa, ila siku ukimpeleka mnadani kamba inavutwa. Miaka 50 imepita, madiwani waliosaini wote wamekufa, kamba bado ipo pale pale.

Na ndo maana benki inakimbia. Benki inapokukopesha inawaza siku ukishindwa kulipa itauza nini. Sasa ikija kuuza kiwanja chenye sharti la kurudi serikalini itakuwa inauza hewa. Haina chuki na nyinyi.

Swali la kujiuliza mwanzo kabisa kabla ya mbunge, nani alifunga hiyo kamba? Tafuta hati yenyewe, siyo muhtasari wa kampuni, hati kamili, nenda masijala ya kaunti watakutolea kopi. Angalia aya za mwanzo, huwa wanataja ni kwa sheria ipi ardhi inatolewa. Kama ni sheria ya jumla, mara nyingi kuna ofisi ambayo imepewa uwezo fulani wa kukubali mabadiliko. Kama sharti limeandikwa ndani ya sheria maalum ya Bunge, ofisa hata akikupenda vipi hawezi kuligusa, hapo ni Bunge peke yake.

BiShuwena:
Kuongezea kwa FundiHati, mfano unaofanana kabisa na wako dada MamaTausi upo, Kaunti ya Rockingham kule Virginia. Serikali kuu iliwapa kipande cha kama eka tatu, hati ikasimamiwa na idara ya hifadhi za taifa ambayo iko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. (Na msichanganye jamani, Mambo ya Ndani ya Marekani siyo polisi wala magereza, wao ni ardhi, mbuga, maji na mambo ya Wahindi Wekundu. Mi mwaka wa kwanza nilidhani nikienda kuuliza kiwanja nitakamatwa.) Basi pale kukawa na kituo cha kulea watoto wadogo kwenye jengo ambalo zamani lilikuwa gereji. Mwaka 1990 Bunge likatunga sheria kuruhusu kipande hicho kitumike kwa malezi ya watoto. Kwa hiyo watoto wakawa halali, lakini masharti mengine yakabaki, na kituo kilipotaka mkopo wa kukarabati wakakutana na ukuta ule ule mlioukuta nyinyi. Mbunge wao akapeleka muswada wa kuondoa hayo masharti, tena siyo mara moja.

Kwa hiyo ndio, Bunge lile lile la vita na matrilioni linakaa kwa eka tatu na gereji. Tena huwa zinapita kimya kimya jioni, kuna utaratibu wa Baraza la Wawakilishi wa kupitisha miswada isiyo na ugomvi, mjadala dakika 40, hakuna marekebisho, inahitaji theluthi mbili ya kura. Ukiangalia kwenye video ukumbi una watu kama sita, mmoja anasoma jina la kaunti ambayo wenzie hawajawahi kuisikia, wanasema ndiyooo, kwisha.

kijana_wa_gati:
Sasa kama ni dakika 40 si mzigo mwepesi huo. Kesho paa jipya.

BiShuwena:
Kijana, dakika 40 ni za Baraza. Kabla ya hapo kuna kamati ndogo, kamati kubwa, wizara inaitwa kutoa maoni, ofisi ya bajeti ya Bunge inapiga hesabu serikali itapoteza shilingi ngapi (dola yani), na baada ya hapo kuna Seneti ambayo huko seneta mmoja akinuna tu kitu kinakaa. Na kila Bunge ni miaka miwili, ikiisha muswada unakufa unaanza upya na namba mpya. Kuna miswada ya namna hii imezikwa na kufufuka mara nne.

Mzee_Kibao:
Mi naomba niwe mbaya kidogo. Hiyo kamba ya FundiHati ilifungwa kwa sababu. Wananchi wa Marekani wote, kutoka Maine mpaka Hawaii, walitoa ardhi yao bure ili watoto wa mji huo wapate pa kuchezea, hawakutoa ili baada ya miaka 50 mji uigeuze biashara. MamaTausi leo nyinyi ni kikundi cha akina mama na nia yenu njema, sawa. Masharti yakifutwa, kesho kikundi kikivunjika au kikiwa na deni, kiwanja kinauzwa kwa mtu wa maghala na hakuna wa kumuuliza. Nimeona hilo kwa macho yangu kwenye mji niliokaa zamani, sitautaja, walifutiwa masharti kwa maneno matamu ya zahanati na leo pale ni maegesho ya magari ya kukodisha. Zahanati ilikaa miaka mitatu.

MamaTausi:
Mzee wangu shikamoo, umenichoma ila umesema kweli. Hilo sikuliwaza, mi nilikuwa naona paa tu.

Mzee_Kibao:
Marahaba mwanangu. Sikatazi, nasema tu muangalie kinachofutwa.

Ndege_wa_Ghuba:
Hoja ya Mzee Kibao ndo imewagawa watu Pensacola Beach, Florida, na mi niliishi huko nikifanya kazi hotelini kwa hiyo niruhusuni nieleze kwa urefu maana stori hii ni shule.

Kile kisiwa kinaitwa Santa Rosa Island, chembamba kirefu, mchanga mweupe kama unga wa ngano. Mwaka 1939 Rais Roosevelt alikitangaza kuwa mnara wa taifa, yani eneo la kulindwa. Mwaka 1946 Bunge likafuta hiyo hadhi na kuamua kipande chake wapewe Kaunti ya Escambia, hati ikatoka Januari 1947. Na hati hiyo ikaweka sharti moja zito, kwamba kaunti inaweza kukitumia kwa manufaa ya umma au kukodisha, lakini isiuze wala kukihamisha kwa namna nyingine kamwe. Kamwe! Basi kaunti ikafanya inachoruhusiwa, ikakodisha viwanja kwa miaka 99, watu wakajenga nyumba, hoteli, migahawa, na upande mwingine wa kisiwa ukakodishwa kwa kaunti jirani ya Santa Rosa, ndo Navarre Beach ya leo.

Miaka mingi watu wa kule walikuwa wanalipa ada ya kukodi kwa kaunti na hawatozwi kodi ya ardhi kama wenye mali, maana ardhi si yao. Sawa, haki. Baadaye watathmini wa kodi wakasema nyie mna mikataba inayoongezeka yenyewe bila mwisho, mnajenga, mnauziana, mnarithishana, huo si upangaji huo ni umiliki wenye jina lingine, lipeni. Wakaenda mahakamani mpaka juu kabisa, na mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Florida ikawaambia wakodi wenye mikataba ya kujiongeza milele kwamba kwa macho ya sheria ya kodi wao ni wamiliki. Kwa hiyo mtu akajikuta analipa ada ya kukodi kama mpangaji na kodi ya ardhi kama mwenye nyumba, kwa kiwanja kimoja, na ukimuuliza ardhi ya nani, anakwambia ya kaunti. We fikiria hicho kichekesho.

Dawa ikaonekana ni muswada wa Bunge kuondoa lile neno kamwe, kaunti iruhusiwe kuwapa wakodi hati kamili wakitaka, Escambia iachie ule upande wa Navarre kwa wenzao wa Santa Rosa, na maeneo ya hifadhi, fukwe za umma, njia za kuingilia baharini na maegesho yabaki ya umma daima. Mwanzoni mwa 2014 Baraza la Wawakilishi likapitisha, lakini ukiwa umefungwa kifurushi kimoja na mambo mengine ya ardhi ya nchi nzima, mengine yana ugomvi mkubwa, na humo humo walikuwemo hata viwanja vya mji wa Anchorage kule Alaska. Ikafika Seneti ikaishia hapo. Hiyo ndo shida ya kupanda basi la watu, likipata pancha na wewe unalala njiani.

Mwaka 2017 ukarudi tena, na safari hii ugomvi ukatoka nyumbani kwenyewe. Watu wa Pensacola mjini, ambao hawana nyumba ufukweni ila kila jumapili wanaenda na watoto na ndoo, wakaanza kuuliza, kaunti ikishatoa hati, mwenye hoteli akiweka kamba mbele ya mchanga wake nani atamtoa? Waungaji mkono wanasema maneno ya kulinda ufukwe yako ndani ya muswada, wapinzani wanasema neno kamwe lilikuwa linatulinda vizuri miaka sabini kwa nini tulitoe. Mi nilikuwa nahudumia meza, asubuhi nawasikia wenye nyumba wanalalamika kodi mbili, jioni nawasikia wenyeji wanalalamika ufukwe, na wote wananiachia bakshishi kwa hiyo sikuwa na upande. Kwa hiyo MamaTausi kazi kubwa kwenye muswada iko kwenye sentensi za kinachobaki baada ya kufuta. Hayo ndo mtalala nayo usiku.

RubaniMstaafu:
Upande wa viwanja vya ndege ni ule ule. Santa Monica, California, walisaini karatasi ya kurudishiwa kiwanja mwaka 1948 baada ya vita, mji ukaja kutaka kukifunga ukagombana na serikali miaka kibao, mwisho mwaka 2017 wakakubaliana kwamba mji unaweza kukifunga baada ya tarehe 31 Desemba 2028. Hawa walimaliza mahakamani. St. Clair, mji mdogo Missouri, wao walipita njia ya Bunge, sheria yao fupi tu ikasainiwa Desemba 2014 kuwafungua na masharti yote ya kiwanja chao kidogo, kikafungwa 2017. Lakini hawakufunguliwa bure, ilibidi thamani ya ruzuku walizokula irudi ikasaidie viwanja vingine vya jimbo. Kwa hiyo ukiuliza nani analipa, jibu ni wewe unayefunguliwa, isipokuwa mbunge wako ni hodari sana.

MamaTausi:
Mungu wangu. Kwa hiyo tukifutiwa masharti tunaweza kudaiwa bei ya soko ya hicho kiwanja? Sisi tuna akiba ya kununua paa siyo kununua ardhi ya jeshi.

FundiHati:
Inategemea na maandishi. Kuna miswada inasema wazi haki ya kurudishiwa itolewe bila malipo, na kuna inayosema mthamini aje, mpewa alipe thamani ya soko na gharama za upimaji na makaratasi. Wizara ikiitwa kwenye kamati kawaida inapendelea ya pili, inasema walipa kodi wapate haki yao, na inasema kwa upole sana, tunaunga mkono lengo la muswada ila tungependa kufanya kazi na kamati kurekebisha baadhi ya vipengele. Ukiona sentensi hiyo jua mfuko unapapaswa.

Angalizo lingine, kuna thamani mbili. Thamani ya eka nne kama eneo huru, na thamani ya ile haki ya kurudishiwa peke yake. Mthamini apewe maelekezo yanayoeleweka, nimeona tofauti ya mara kadhaa kwenye kiwanja kimoja.

dada_wa_maabara:
Samahani naingilia, hapo mwanzo umesema ilikuwa kambi ya jeshi. Kabla ya yote uliza habari ya uchafuzi. Ardhi ya serikali kuu iliyowahi kuwekwa kemikali au mafuta, sheria ya usafishaji ya 1980, ilivyorekebishwa baadaye, inaitaka serikali inapoitoa iandike kwenye hati ahadi kwamba imesafisha na kwamba uchafu wake ukigundulika baadaye itarudi kusafisha, ila hati yenu ya miaka ya 70 ni ya kabla ya hapo, kwa hiyo angalieni kama ahadi hiyo ipo. Na mara nyingine wanaweka vizuizi vya aina nyingine kabisa, usichimbe kisima, usijenge makazi, usiguse udongo chini ya kina fulani. Hivyo siyo vya kukimbilia kuvifuta, vile vinawalinda watoto wenu, na ile ahadi ya kusafisha kama ipo ni mali, msije mkaiachia kwa kusaini karatasi ya kusema tunachukua kama ilivyo na hatudai kitu. Mi napima maji kwa kazi yangu, boila siyo kitu cha kwanza ningekiwazia hapo.

MamaTausi:
Nimerudi wadau. Jana nilienda masijala ya kaunti, nikalipia kopi, hati yenyewe kurasa kumi na moja za taipureta. FundiHati ulisema aya za mwanzo, nimeziona. Imetolewa kwa sheria ile ya 1949, kupitia Wizara ya Mambo ya Ndani (siyo polisi, asante BiShuwena), na inasema eneo litumike kama bustani ya umma na burudani daima, mji upeleke ripoti za matumizi, na usiuze wala usikodishe bila idhini ya maandishi ya wizara. Habari ya kemikali kuna aya moja tu inasema tangi la mafuta ya kupashia joto liliondolewa, nimempigia picha dada wa maabara nitamtumia.

Sasa lililonitoa jasho ni hilo la kukodisha. Sisi tunakodi. Nikauliza mjini idhini ya wizara iko wapi, karani kafungua makabati mawili hajaiona.

FundiHati:
Dada hapo sasa tulia, na usipeleke barua yoyote kwa mbunge wiki hii. Muswada ukifika kwenye kamati, kitu cha kwanza wizara itafanya ni kufungua faili. Wakikuta miaka yote mji umekodisha bila idhini, nyie mnageuka mfano wa kwa nini masharti yasifutwe. Mji uanze kurekebisha hilo kwanza, uandike kwa idara ya hifadhi za taifa, ueleze kinachofanyika pale, watoto wanacheza uwanja ni wa wote, burudani ipo. Kukodisha kwa huduma inayoendana na bustani ni jambo wanaloweza kulikubali, mradi uwanja usifungwe kwa umma na pesa irudi kwenye eneo. Kukaa kimya ndo wanachochukia.

Na kuna njia ambayo naona hakuna aliyeitaja. Kwa hati za bustani za aina hii, idara inaweza kukubali masharti yahamishwe. Yani mji unatoa ardhi nyingine yenye thamani sawa au zaidi na inayofaa burudani vile vile, kamba inafunguliwa hapa inafungwa kule, umma haupotezi kitu. Haihitaji Bunge. Inahitaji uthamini, upimaji, ukaguzi wa mazingira na uvumilivu, lakini unaongea na ofisi, na ofisi haivunjwi kila baada ya miaka miwili. Mji wenu una ardhi nyingine?

MamaTausi:
Upo msitu kule kijitoni, eka sita na kitu, mji uliununua wenyewe zamani watu wanatembeza mbwa. Kila mwaka wanataka kuuza wananchi wanapiga kelele.

Mzee_Kibao:
Aaah sasa hapo hata mimi nasaini. Wanapiga kelele wasiuziwe msitu, wawekewe kamba ya Washington juu ya msitu, hakuna diwani atakayeuuza tena mpaka Washington ikubali. Nyie mpate jengo wao wapate msitu.

kijana_wa_gati:
Ila uwanja wa mpira nao si utakuwa wenu? Watoto wa mtaa wasije wakafungiwa geti.

BiShuwena:
Kijana leo umeuliza la maana. MamaTausi gaweni. Siyo lazima eka zote nne. Mpimaji akate jengo na maegesho peke yake, uwanja ubaki na masharti yake ya zamani chini ya mji. Kipande kikiwa kidogo thamani inapungua, ardhi ya kubadilishana inatosha, na hata mkija kushindwa mkalazimika kwenda Bungeni mnakuwa na muswada wa nusu eka wenye jengo bovu la watoto, nani atasimama kuupinga.

RubaniMstaafu:
Mpimaji awe mwenye leseni wa jimbo, na ramani ipelekwe ifanane na hati ya zamani neno kwa neno. Muswada mmoja niliufuatilia ulitajwa namba ya kiwanja vibaya, ukapita, ikabidi kurudi Bungeni tena kurekebisha tarakimu.

MamaTausi:
Tarakimu moja?? Haya. Kikao cha baraza ni jumanne saa moja jioni, nimeomba dakika tatu za kuongea. Nitaanza na barua ya idhini ya kukodi, nifuate na msitu, nimalizie na kukata jengo. Habari ya mbunge nimemwambia yule mjumbe aiweke pembeni kwanza, amenuna kidogo maana alishaanza kuandika barua. Nitawaletea majibu humu humu, na paa wametufunga turubai kwa sasa.